Kalsiamu: Dawa ya Nani, kwa Kipimo Gani?

Penye magnesiamu salfeti lazima pawe na kalsiamu glukoneti. Huo ndio utaratibu wa wodi yoyote ya wazazi inayoijua kazi yake. Mama aliyepatwa na kifafa cha mimba huchomwa magnesiamu ili degedege likome: gramu 4 mshipani, gramu 10 kwenye misuli ya matako, kisha gramu 5 kila baada ya saa nne. Dawa hiyo huokoa maisha, lakini ikizidi mwilini hulegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Ndiyo maana kabla ya kila sindano mkunga humgonga mama goti aone kama mguu bado unaruka, humhesabia pumzi, na huangalia mkojo kwenye mfuko. Pumzi zikiwa chini ya 16 kwa dakika, au goti likikataa kuitika, au mkojo ukishuka chini ya mililita 30 kwa saa, sindano inayofuata haichomwi. Na mama akianza kushindwa kupumua, husaidiwa kwa mfuko wa hewa, huku ampuli moja ya mililita 10 yenye kalsiamu glukoneti ya asilimia 10 ikiingizwa mshipani taratibu. Dakika chache zinatosha kuona tofauti.

Madini hayohayo ya kalsiamu yamepangwa kwenye rafu za maduka ya dawa mijini: vidonge vya kumeza, vya kutafuna, na vile vinavyotoa mapovu kwenye glasi ya maji. Huuzwa bila cheti cha daktari. Hununuliwa na mama aliyekoma hedhi akaambiwa mifupa yake inaisha, na mzee anayeumwa magoti, na hata kijana anayenyanyua vyuma. Kwa mzee wa magoti dawa hiyo haina la kufanya, kwa kuwa maumivu ya magoti uzeeni mara nyingi hutokana na kulika kwa gegedu, na gegedu haliponi kwa kalsiamu. Lakini hakuna anayemwambia, kwa sababu kalsiamu imeshaingia kwenye fikra za watu kuwa kitu cha lishe kisicho na ubaya.

Ninachokishikilia katika uchambuzi huu ni kwamba kalsiamu ni dawa yenye nguvu kubwa kwa watu wa aina mbili: aliye katika dharura, na aliyepungukiwa kweli. Kwa asiye mmoja wao faida yake ni finyu, na madhara yake, ingawa si makubwa, ni ya kweli. Kosa letu ni kuiacha imfikie zaidi mwenye fedha dukani kuliko mwenye haja kliniki.

Mtu mzima ana takriban kilo moja ya kalsiamu mwilini, na asilimia 99 ya kilo hiyo imejengwa ndani ya mifupa na meno. Sehemu ndogo iliyobaki, iliyo kwenye damu na ndani ya seli, ndiyo inayoamua kama moyo utadunda, misuli itajikunja, neva zitapeleka ujumbe na damu itaganda jeraha likitokea. Mwili huilinda sehemu hiyo kwa wivu mkubwa. Kiwango cha kalsiamu kwenye damu hukaa kati ya takriban milimoli 2.1 na 2.6 kwa lita, kwa aliyekunywa maziwa na kwa aliyelala njaa. Kikianza kupungua, tezi nne ndogo za parathairoidi, zilizojibanza shingoni nyuma ya tezi ya thairoidi, hutoa homoni inayoiamuru mifupa itoe akiba yake, figo zisiimwage kalsiamu kwenye mkojo, na vitamini D iamshwe ili utumbo unyonye zaidi. Kwa hiyo kipimo cha damu kinaweza kutoka sawasawa kwa mtu ambaye mifupa yake imekopwa kwa miaka mingi bila kurudishiwa.

Aliyeonyesha uzito wa sehemu hiyo ndogo ni Sydney Ringer, daktari wa London, mwanzoni mwa miaka ya 1880. Alikuwa akiuweka moyo wa chura ndani ya maji ya chumvi, nao ukaendelea kudunda kwa muda mrefu. Kumbe maji hayo yalitengenezwa kwa maji ya bomba, yaliyokuwa na kalsiamu yake ya asili. Alipotumia maji yaliyosafishwa hadi yakabaki matupu, moyo ulilegea na kusimama. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1883. Dripu ya Ringer inayoning'inizwa leo juu ya vitanda vya wagonjwa ina jina lake, na ina kalsiamu ndani. Tuiweke akilini, maana itatuhusu tena mbele.

Kidonge hakibebi kalsiamu tupu. Hubeba chumvi yake, na chumvi hizo hazilingani. Kalsiamu kaboneti, ambayo ndiyo chokaa iliyosafishwa, ina asilimia 40 ya kalsiamu halisi. Sitreti ina 21. Glukoneti ina 9 tu. Kidonge kilichoandikwa miligramu 1,250 za kaboneti kwa hiyo kinampa mtu miligramu 500 za kalsiamu, na asiyesoma lebo kwa makini anaweza kudhani amemeza mara mbili na nusu ya alichomeza. Kaboneti huhitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke, hivyo humezwa pamoja na chakula. Anayetumia omeprazoli kila siku kwa ajili ya vidonda vya tumbo ana asidi kidogo, naye hufaa zaidi kupewa sitreti. Na utumbo una mpaka wake: kiasi kinachonyonywa vizuri kwa mara moja ni miligramu 500 au pungufu. Anayemeza gramu nzima kwa mkupuo huipeleka sehemu kubwa chooni.

Matumizi ya dharura hayana ubishi mkubwa. Mgonjwa ambaye figo zimefeli hujaza potasiamu kwenye damu, na potasiamu ikipanda sana husimamisha moyo. Kalsiamu glukoneti ya mshipani huutuliza moyo ndani ya dakika chache. Haipunguzi potasiamu hata kidogo. Inaukinga moyo kwa muda wa nusu saa hadi saa moja, na muda huo ni wa kuhangaikia tiba nyingine: insulini pamoja na glukosi, salbutamoli ya kuvuta, na mashine ya kusafisha damu. Daktari anayechoma kalsiamu kisha akapumzika amemwacha mgonjwa wake njiani. Kuna pia aliyefanyiwa upasuaji wa rovu na tezi zake za parathairoidi zikajeruhiwa: siku moja au mbili baadaye huanza kuhisi ganzi kuzunguka mdomo, vidole vikajikunja na kukakamaa. Kuna aliyeongezewa damu nyingi kwa haraka, kwa kuwa sitreti inayowekwa kwenye chupa ya damu isigande huikamata kalsiamu ya mgonjwa. Na fundi wa kiwandani aliyemwagikiwa na asidi ya hidrofloriki hupakwa jeli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5, kwa sababu floridi hupenya ngozi na kwenda kuikamata kalsiamu ndani ya nyama.

Mshipani dawa hii haitaki pupa. Ikiingizwa kwa kasi humletea mgonjwa joto la ghafla mwilini, shinikizo la damu likashuka, mapigo ya moyo yakapungua au kuvurugika, na moyo unaweza hata kusimama. Kalsiamu kloridi ina takriban mara tatu ya kalsiamu iliyo kwenye glukoneti kwa ujazo uleule, hivyo kuchanganya ampuli hizo mbili si kosa dogo. Ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama hadi kidonda kikawa cheusi. Haichanganywi na bikaboneti kwenye mrija mmoja, maana hugeuka chenga za chokaa. Na kwa mtoto mchanga wa siku 28 au chini ya hapo, antibiotiki ya seftriaksoni haipaswi kabisa kukutana na kalsiamu ya mshipani, hata kwa mirija tofauti. Watoto wachanga wamefariki kwa chembe zilizojikusanya kwenye mapafu na figo, na mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari. Hapo ndipo dripu ya Ringer inaporudi: nayo ina kalsiamu, kwa hiyo nayo imo katika katazo hilo. Kwa mgonjwa mkubwa seftriaksoni na kalsiamu vinaweza kutolewa kimoja baada ya kingine, mrija ukisafishwa vizuri katikati.

Sasa turudi kwa mjamzito, maana kwake ndiko kidonge cha kalsiamu kina hoja nzito kuliko kwingine kote.

Mwaka 1980 watafiti José Belizán na José Villar waliandika juu ya jambo lililokuwa likiwasumbua. Huko Guatemala, wanawake wa jamii za Kimaya walikuwa maskini, na kwa mazoea ya kitabibu ya wakati ule walitarajiwa wapate kifafa cha mimba kwa wingi. Hawakupata. Watafiti hao wakatazama chakula: mahindi yao huloweshwa na kuchemshwa kwa chokaa kabla ya kusagwa, na kila mkate wa mahindi wanaoula umebeba kalsiamu. Wakapendekeza kwamba upungufu wa kalsiamu ni moja ya sababu za shinikizo la damu la ujauzito. Nadharia hiyo ilipimwa. Huko Argentina, majaribio yaliyochapishwa mwaka 1991 kwa wanawake 1,194 wenye mimba ya kwanza yalionyesha kwamba waliopewa gramu 2 za kalsiamu kwa siku walipata matatizo ya shinikizo la damu kwa asilimia 9.8, na waliopewa kidonge kisicho na dawa kwa asilimia 14.8.

Kisha Marekani ikajaribu, kwa wanawake zaidi ya 4,500, na matokeo yaliyotoka mwaka 1997 yalikuwa bure: kalsiamu haikuzuia chochote. Wapo walioona nadharia imekufa. Mimi naona ilikuwa imethibitishwa kwa upande wa pili, kwani wanawake hao wa Marekani walikuwa tayari wanapata kalsiamu ya kutosha kwenye maziwa na jibini. Aliyeshiba hatambui chakula cha ziada. Shirika la Afya Duniani lilijaribu tena mahali ambapo lishe ina kalsiamu kidogo, kwa wanawake zaidi ya 8,300, na mwaka 2006 likaripoti kwamba idadi ya waliopata ugonjwa haikupungua kwa kiasi cha kutosha kutamkwa, lakini makali yake, pamoja na kifafa chenyewe, yalipungua. Kwa ushahidi huo na mwingine, shirika hilo linapendekeza gramu 1.5 hadi 2 za kalsiamu halisi kwa siku kwa wajawazito wa jamii zenye kalsiamu kidogo kwenye mlo.

Jamii zetu nyingi zimo humo. Ugali wa mahindi, wali, mihogo na maharage hujaza tumbo lakini kalsiamu yake ni haba. Maziwa yanayo, takriban miligramu 300 kwa glasi, ila ni ghali kwa kaya nyingi na si kila mtu hufuga. Wimbi unayo kwa wingi kuliko nafaka nyingine. Dagaa wanaoliwa na miba yao ni hazina, kwa sababu kalsiamu ya samaki iko kwenye mifupa tunayoitema tunapokula samaki mkubwa. Mchicha unayo pia, lakini oksaleti iliyo ndani yake huishikilia isinyonywe. Na udongo wa pemba unaotafunwa na wajawazito wengi si mbadala: unaweza kuzuia madini ya chuma yasinyonywe, na unaweza kubeba risasi na mayai ya minyoo.

Pendekezo la gramu 1.5 lina ugumu ambao ofisini hauonekani. Kwa kuwa utumbo haunyonyi zaidi ya miligramu 500 vizuri, dozi hiyo ni vidonge vikubwa vitatu, kila kimoja kwa wakati wake. Mjamzito huyohuyo anameza pia vidonge vya kuongeza damu, na kalsiamu hupunguza unyonyaji wa chuma, hivyo vyote viwili vinapaswa kutenganishwa kwa saa kadhaa. Huo ni mpangilio wa mara nne kwa siku, kwa mwanamke anayeamkia shambani au sokoni na anayesumbuliwa na kichefuchefu. Kwa serikali ni gharama ya kununua, kusafirisha na kuhifadhi vidonge vizito kwa miezi mitano au sita kwa kila mimba. Haishangazi kwamba nchi nyingi zililipokea pendekezo hilo kwa maneno na kulichelewesha kwa vitendo.

Hapo ndipo Dar es Salaam ilipotoa mchango wake. Majaribio mawili makubwa, moja la Bengaluru nchini India na jingine la Dar es Salaam, kila moja likiwa na wanawake 11,000 wenye mimba ya kwanza isiyofikisha wiki 20, yalilinganisha miligramu 500 na miligramu 1,500 kwa siku. Matokeo yalichapishwa Januari 2024. Katika jaribio la India, dalili za awali za kifafa cha mimba ziliwapata asilimia 3.0 ya waliopewa dozi ndogo na 3.6 ya waliopewa dozi kubwa. Katika jaribio la Tanzania ilikuwa 3.0 na 2.7. Kwa vigezo vya kitakwimu vilivyowekwa kabla, dozi ndogo haikuzidiwa katika nchi zote mbili. Kwa watoto kuzaliwa kabla ya wakati, India ilitoa jibu hilohilo. Tanzania haikulitoa wazi, maana asilimia 10.4 ya waliopewa dozi ndogo walijifungua mapema, dhidi ya 9.7 ya wenzao, na tofauti hiyo haikuruhusu watafiti kusema kwa uhakika kwamba dozi ndogo inatosha kwa jambo hilo.

Nayasoma matokeo hayo kwa moyo wa furaha, lakini bila kuyanyoosha kupita urefu wake. Majaribio hayo hayakuwa na kundi lisilopewa kalsiamu kabisa. Yanatuambia kwamba kidonge kimoja kinaweza kukaribia sana vitatu, na kwa kliniki zetu hilo ni jambo kubwa. Kidonge kimoja cha mchana, pamoja na chakula, na cha kuongeza damu usiku: huo ni utaratibu ambao muuguzi anaweza kuueleza kwa sentensi moja na mama akaukumbuka.

Zipo sababu nyingine za kupendelea dozi ndogo. Muhtasari wa majaribio mbalimbali ulionyesha kwamba waliopewa dozi kubwa walipata mara nyingi kidogo zaidi tatizo la nadra ambapo chembe nyekundu za damu huvunjika, ini huumia na chembe za kugandisha damu hupungua. Idadi ilikuwa ndogo, lakini upande wake haukutarajiwa. Na kijijini Keneba, Gambia, wanawake waliozoea kalsiamu kidogo maisha yao yote walipopewa miligramu 1,500 kila siku wakati wa ujauzito, mifupa yao ya nyonga ilionekana kupungua madini zaidi walipokuwa wakinyonyesha, kuliko ya wenzao ambao hawakupewa. Inaelekea mwili uliojifunza kubana matumizi ulivurugwa ulipomiminiwa ghafla. Matokeo kama hayo yananionya dhidi ya fikra kwamba madini ya lishe hayawezi kuzidi.

Kwa watoto kuna funzo la Nigeria. Tumezoea kuamini kwamba matege ni ugonjwa wa kukosa jua, kwa hiyo wa kukosa vitamini D. Lakini watoto wa Nigeria waliokuwa na matege walikuwa na jua tele. Walichokosa ni kalsiamu kwenye chakula. Utafiti wa watoto 123 uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, iliponya vizuri kuliko vitamini D peke yake. Daktari anayemwona mtoto mwenye miguu iliyopinda, aliyeachishwa ziwa akaingizwa kwenye uji mtupu wa mahindi, afikirie mlo wake kabla ya kumwambia mama amwanike juani.

Kwa wazee ushahidi umegawanyika, na mgawanyiko wenyewe unaeleza jambo. Nchini Ufaransa, mwaka 1992, watafiti waliripoti juu ya wanawake 3,270 waishio kwenye nyumba za wazee, wastani wa umri wao ukiwa miaka 84. Walikuwa hawatoki juani na mlo wao ulipungukiwa. Waliopewa gramu 1.2 za kalsiamu na uniti 800 za vitamini D walivunjika nyonga kwa asilimia 43 pungufu ndani ya miezi 18. Ni mafanikio makubwa kwa dawa rahisi. Marekani nayo ilifuatilia wanawake 36,282 waliokoma hedhi lakini wenye afya na wanaokula vizuri, wakipewa gramu 1 ya kalsiamu na uniti 400 za vitamini D kwa wastani wa miaka saba. Matokeo yalitoka mwaka 2006: mifupa ya nyonga iliimarika kwa takriban asilimia 1, kuvunjika hakukupungua kwa uhakika, na mawe ya figo yaliongezeka kutoka wagonjwa 381 hadi 449. Kalsiamu ni ileile. Waliotofautiana ni wanawake, na kilichotangulia kuwamo mwilini mwao.

Suala la mawe ya figo huwachanganya wengi. Anayekula vyakula vyenye kalsiamu hupata mawe kwa nadra zaidi, kwa kuwa kalsiamu hiyo hukutana na oksaleti tumboni na kuifunga itoke na choo. Kidonge kinachomezwa peke yake, mbali na chakula, hukosa kazi hiyo, kikanyonywa na kuishia kwenye mkojo. Mwenye historia ya mawe asikimbie maziwa. Akikimbie kidonge cha usiku wa manane.

Mjadala mzito zaidi ni wa moyo. Mwaka 2010 Mark Bolland na wenzake wa Auckland, New Zealand, walikusanya majaribio ya kalsiamu bila vitamini D, wakaona shambulio la moyo limeongezeka kwa takriban asilimia 30 kwa wanaomeza vidonge. Waliowapinga walisema majaribio hayo hayakuundwa kupima moyo, na mwaka 2016 vyama viwili vya kitaalamu vya Marekani, kimoja cha mifupa na kingine cha kinga ya moyo, vilitamka kwamba kalsiamu isiyozidi miligramu 2,000 hadi 2,500 kwa siku haina uhusiano na maradhi ya moyo. Sioni kwamba mjadala umefungwa. Kwa mwanamke mwenye afya anayekula vizuri, faida ya kidonge ni ndogo kiasi kwamba hata shaka ndogo ya madhara inatosha kumfanya aache. Kwa aliyethibitika kuwa na mifupa dhaifu na anayetumia dawa zake, kalsiamu ya kutosha ni sehemu ya tiba, wala asiiache kwa uvumi. Ameze tu dawa ya mifupa alfajiri tumbo likiwa tupu, na kalsiamu baadaye na chakula.

Madhara ya kila siku hayatishi: choo kigumu, tumbo kujaa gesi, kichefuchefu. Kuzidi kwa kalsiamu kwenye damu ndiko kunakotisha, na dalili zake huja kinyemela: kiu, kukojoa sana, uchovu, kufunga choo, kuchanganyikiwa, kisha figo kulemewa. Historia yake ni ndefu. Mwaka 1915 daktari Bertram Sippy wa Chicago alitibu vidonda vya tumbo kwa maziwa na unga wa magadi na chokaa kila saa, na ndani ya miaka michache wagonjwa wa tiba hiyo walianza kuharibika figo. Ugonjwa huo ulipungua dawa mpya za vidonda zilipokuja, kisha ukarudi watu walipoanza kutumia kalsiamu kaboneti kwa mifupa na kwa kiungulia. Huko Taiwan ugonjwa huo umeripotiwa kwa watafunaji wa tambuu, kwa chokaa ya makombe inayopakwa kwenye jani. Waswahili wa Mombasa, Lamu na Unguja wanaotafuna uraibu wenye chokaa na popoo wana sababu ya kumtajia daktari tabia hiyo, hasa wanapopewa vidonge vya kalsiamu juu yake. Popoo lenyewe lina hatari ya saratani ya kinywa, lakini hiyo ni mada nyingine.

Madhara mengine huja kwa kuzizuia dawa nyingine zisifanye kazi, na hapo ndipo ninapoona uzembe unaoumiza watu. Kalsiamu huzishika tumboni doksisaiklini na siprofloksasini, zikapita bila kunyonywa, na maambukizi yakaendelea. Anayemeza levothairoksini kwa ajili ya thairoidi anapaswa kuacha saa nne. Na dolutegraviri, dawa iliyo ndani ya kidonge kimoja cha kila siku ambacho wengi wanaoishi na VVU katika Afrika Mashariki sasa wanakitumia, huathiriwa vilevile: humezwa saa mbili kabla ya kalsiamu au saa sita baada yake, au vyote viwili kwa pamoja na chakula. Mjamzito mwenye VVU anayepewa kalsiamu kliniki bila maelezo hayo anaweza kuwa mwaminifu kwa kila kidonge na bado virusi vyake vikapanda. Ni maelezo ya nusu dakika. Muuza duka la dawa anayekabidhi chupa ya kalsiamu bila kuuliza mteja anatumia dawa gani nyingine hajamaliza kazi yake.

Mgonjwa wa figo ana hesabu tofauti kabisa. Kwake kalsiamu kaboneti hutolewa si kwa ajili ya mifupa bali iikamate fosfati ya chakula, hivyo lazima imezwe katikati ya mlo; ikimezwa saa mbili baadaye haina fosfati ya kukamata, inabaki kunyonywa tu. Ni dawa ya bei nafuu kuliko mbadala zake, na kwa anayelipia mwenyewe kusafishwa damu hilo si jambo dogo. Lakini kalsiamu inayozidi hukaa kwenye kuta za mishipa na kuifanya iwe migumu, na mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2017 ulishauri kiasi chake kipunguzwe.

Limebaki swali la wakati. Matatizo ya kondo yanayozaa kifafa cha mimba huanza wiki za mwanzo, kabla wanawake wengi hawajafika kliniki hata mara moja. Majaribio ya Argentina, Afrika Kusini na Zimbabwe, yaliyochapishwa mwaka 2019, yaliwapa miligramu 500 kwa siku, tangu kabla ya kushika mimba, wanawake waliowahi kupata tatizo hilo. Walioumwa tena walikuwa asilimia 23, dhidi ya 29 kwa wasiopewa. Tofauti hiyo haikufikia kiwango cha uhakika, ingawa kwa waliomeza vidonge kwa uaminifu ilikuwa kubwa zaidi. Ndiyo maana baadhi ya wataalamu wanatazama unga. Uingereza iliamua tangu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwamba unga mweupe wa ngano utiwe kalsiamu kaboneti, na sheria hiyo ipo hadi leo. Tanzania na Kenya zina sheria za kurutubisha unga kwa madini ya chuma, zinki na vitamini, lakini kalsiamu haimo. Kuiongeza kungemfikia msichana kabla hajajua kwamba ni mjamzito, kwa dozi ndogo inayofuata chakula, bila kidonge na bila foleni. Kunahitaji kwanza ipimwe kwamba haizuii chuma kilichomo kwenye unga huohuo, na ijulikane itawafanyaje wagonjwa wa figo. Na kungemfikia anayenunua unga wa pakiti dukani. Mwanamke anayebeba debe lake la mahindi hadi kwenye mashine ya kusaga ya kijijini hangepata kitu, na kwake kidonge cha kliniki kingebaki kuwa njia pekee.